Je, bakteria wote wanaotengeneza spora ni wa ukoo mmoja?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, hutengeneza spora, na kwamba bakteria wa pepopunda naye hufanya hivyo. Kwa nini basi hawakuwekwa pamoja? Je, spora hizo ndizo njia yao ya kuzaliana, kama ilivyo kwa kuvu?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na swali la pili, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Kuvu huzaliana kwa spora; bakteria hawa huitumia kujihifadhi tu. Chakula kinapoadimika, seli hujigawa kwa ukuta unaojengwa karibu na ncha yake, kisha sehemu kubwa huimeza ile ndogo, huizungushia matabaka magumu, na mwishowe hupasuka na kufa. Seli moja huacha spora moja, kwa hiyo idadi haiongezeki hata kidogo. Ndani ya spora mna maji machache sana pamoja na asidi ya dipikoliniki iliyoshikamana na kalsiamu, na ndiyo maana huweza kustahimili hata maji yanayochemka. Mwanasayansi Mjerumani Ferdinand Cohn alipolieleza jambo hilo mwaka 1876, ilifahamika kwa nini maji ya majani makavu, hata yakiisha kuchemshwa, yaliendelea kuota vijidudu ambavyo baadhi ya watu walidhani vimejizukia vyenyewe.

Kuhusu uainishaji, mwanasayansi Ehrenberg alimpa B. subtilis jina la Vibrio subtilis mwaka 1835, na Cohn akampa jina la sasa mwaka 1872. Sifa zilizotumika zamani zilikuwa za kuonekana au kupimika kwa urahisi: umbo la fimbo, rangi ya zambarau katika kipimo cha Gram (cha kupaka bakteria rangi), spora, na uhusiano na oksijeni. Bacillus huihitaji au huivumilia. Clostridium tetani, wa pepopunda, hakui penye oksijeni. Kigezo hicho kinasaidia, ingawa si imara kama kilivyodhaniwa, kwani B. subtilis naye huweza kukua bila oksijeni akipata nitreti (chumvi yenye nitrojeni).

Siku hizi jeni ndizo zinazoamua. Wote wawili wamo katika faila (kundi kubwa) ya Bacillota, lakini B. subtilis ni wa ngeli (kundi dogo ndani ya faila) ya Bacilli na C. tetani ni wa Clostridia. Tena bakteria aitwaye Staphylococcus, asiyetengeneza spora kabisa, yumo katika ngeli ya Bacilli, na hivyo ni ndugu wa karibu zaidi wa B. subtilis kuliko huyo wa pepopunda.