Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Ndege Mbuai Wanaopita

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi ni mwalimu, Ujiji. Novemba iliyopita klabu yetu ya mazingira ilihesabu ndege mbuai (wale wanaowinda, kama tai na mwewe) wahamaji pale mwalo wa Kibirizi. Asubuhi ileile kundi moja la wanafunzi lilipata 140, jingine 31. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mlikosea mahali kwanza, kisha mkakosa mstari. Mwaloni kuna mwewe wanaoshinda hapo kutwa kwa ajili ya dagaa. Mwewe mmoja huzunguka, hupotelea nyuma ya mapaa, hurudi. Ukimwandika kila anapotokea, kufika saa 6 mchana ameshakuwa ndege 20. Wala rangi ya mdomo haitoshi kuwatenganisha wakazi na wahamaji: mwewe wa kwetu akikomaa ana mdomo wa njano na mgeni wa Ulaya na Asia ana mweusi, lakini mwewe mchanga wa kwetu naye mdomo wake ni mweusi.

Pandeni kilima cha nyuma ya mji, mahali mnapoona ziwa upande mmoja na vilima vya bara upande wa pili. Tai na shakivale hawapigi mabawa safari nzima. Hupandishwa na hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza kuelekea kusini mpaka waikute nyingine. Maji hayapati joto upesi kama ardhi, ndiyo maana ndege hawa hukwepa kukatiza ziwa lenye upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Tazameni kaskazini. Ndiko wanakotokea, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la saa 6 mchana huwa kusini mwa Kigoma, yaani mgongoni kwenu. Anzeni saa 3 asubuhi, malizeni saa 10 jioni.

Sasa mstari. Chagueni alama mbili zisizohama, tuseme mnara wa simu na mti mkubwa, na mhesabu tu ndege anayevuka kati yake kwenda kusini. Akirudi kaskazini, mtoeni. Wakiwa bado wanazunguka pamoja juu ya hewa moto, acheni kabisa kuhesabu, maana hapo hata jicho zoefu hupoteza. Subirini wafike juu na waanze kuteleza kwa foleni. Foleni ikiwa ndefu, hesabuni 10 wa kwanza, pimeni kwa jicho nafasi waliyochukua angani, kisha hamisheni kipimo hicho hadi mwisho wa foleni. Anayetazama asiandike, akiinamia daftari, watano wamepita.

Kila saa ianze mstari mpya daftarini, na saa isiyo na ndege iandikwe 0. Zikiachwa saa hizo, wastani wa siku utazidi ukweli. Andikeni na mawingu pia. Siku ya anga la buluu tupu ndege hupanda mbali na jicho halina pa kushika, basi mtaandika wachache hata kama wamepita wengi. Wingu jeupe huwatoa wazi kama nzi kwenye ukuta wa chokaa.

Msiache umri, pale unapoonekana. Kule Hawk Mountain, hifadhi ya ndege mbuai huko Pennsylvania, Marekani, wanahesabu tangu 1934, na daftari zao ndizo zilizoonyesha kwamba tai wachanga walipungua katika miaka ya DDT, dawa ya kuua wadudu. Jumla peke yake isingelionyesha hilo.

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha tatu hapa Tabora. Juu angani wote naona weusi tu. Nawatambuaje? Na kwa nini mvua ikinyesha tai wanatua shambani?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Achana na rangi, anza na umbo. Mwewe ana mkia wenye panda, na huupinda huku na huku kama usukani. Shakivale ana mabawa mapana na mkia mfupi uliofunguka kama upepeo. Kozi mabawa yake ni membamba, yamechongoka. Tai ana mabawa marefu ambayo ncha zake zimeachana kama vidole. Ukiona mstari mweupe mpana katikati ya chini ya bawa, huyo ni tai wa nyika aliye mchanga, ametoka upande wa Urusi na Kazakhstan. Ukishindwa, andika "tai, hakutambulika". Hilo ni jibu halali, na ni bora mara mia kuliko jina la kubahatisha.

Shambani wanafuata kumbikumbi. Mvua za kwanza zikiwatoa ardhini, tai mkubwa hutembea akiwadonoa kama kuku. Waandike kwenye ukurasa wao, usiwachanganye na wapitaji, kwani wanaweza kukaa hapo siku kadhaa.

SWALI: Tununue darubini ya aina gani?

JIBU: 8x42, yaani inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42. Ya kukuza mara 12 huvuta karibu zaidi, lakini hukuza na mtetemo wa mkono, na eneo inaloonyesha ni dogo.

SWALI: Ndugu wahariri, Desemba huku Urambo huwa naona mamia ya kozi wadogo juu ya mashamba. Ni akina nani, na wanahesabiwaje?

JIBU: Ndugu, yaelekea ni kozi wa Amur. Dume ni kijivu, mapaja mekundu ya kutu, na chini ya mabawa ana weupe unaoonekana anapopiga. Hutoka kaskazini-mashariki mwa Asia, hupitia India, huvuka Bahari ya Hindi, kisha huendelea hadi kusini mwa Afrika. Mchana huwawezi, kwa kuwa hutawanyika wakifuata kumbikumbi na kereng'ende. Tafuta miti wanayolala. Fika saa 11 jioni, simama mita 100 hivi ili wasishtuke, uhesabu wanaoingia mpaka giza. Wakiingia kutoka pande mbili, muwe wawili, kila mmoja na upande wake.