Sindano ya goti kwa mama mwenye kisukari

Pole sana dada, na mama mfikishie pole zangu. Nimekuelewa: goti linamsumbua miaka mingi, ana kisukari, na sasa muuza duka la dawa anataka kumchoma sindano ya goti hapohapo nyumbani. Hilo kataa kabisa. Bakteria wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Mpeleke kwa daktari wa mifupa, apigwe picha kwanza.

Sindano nazo hazifanani. Ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza maumivu upesi, ila nafuu yake mara nyingi ni ya wiki kadhaa, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari. Daktari wake wa kisukari ajue mapema, na siku zile mama apime asubuhi na jioni. Isirudiwe kabla ya miezi 3, maana zikizidi huweza kumaliza gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

Ipo pia ya deksitrosi, maji ya sukari yanayochomwa kwenye ligamenti, nyuzi zinazoshikanisha mifupa. Daktari George Hackett wa Marekani alieneza tiba ya namna hii miaka ya 1950. Wapo wanaopata nafuu, lakini ushahidi bado ni mdogo, kwa hiyo msiuze kitu kuilipia.

Baba yangu alisaidiwa zaidi na mazoezi: anakaa kitini, ananyoosha mguu, anauacha hewani akihesabu hadi 5, anaushusha polepole. Mama aanze na hayo, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) amwelekeze.

Akishachomwa, goti likivimba na kuwa la moto, au akipata homa, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.