Picha zinajikunja, na macho meusi hayaishi

Swali: Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, anatumia dawa na kuhudhuria kliniki hapa Dodoma. Siku hizi anachora, kisha anabandika vipande vya magazeti na vitenge juu ya boksi. Picha zikikauka zinajikunja. Mikono inamtetemeka, na kila picha ina macho meusi. Je, nimzuie?

Jibu: Usimzuie, dada yangu.

Karatasi ikilowa gundi hutanuka; ikikauka hunywea na kulivuta boksi upande wake. Kiangazi chetu chenye upepo mkavu huharakisha jambo hilo. Bandikeni karatasi nyingine nyuma ya boksi, kwa gundi ileile, pande zote zivutane sawa. Gundi nyeupe ya mafundi seremala iongezeni maji kidogo, mpake nyembamba. Lazeni picha juu ya magazeti makavu, mfunike kwa nailoni, juu yake matofali, hadi kesho yake. Uji wa unga wa ngano nao unanata, ila unaita mende.

Rangi ikiwa ghali, chekecheni udongo mwekundu mlainishe kwa gundi hiyo. Haupauki juani upesi. Michoro ya miamba ya Kolo, kule Kondoa, ina wekundu wa udongo wa namna hiyo na ingali inaonekana.

Mikono kutetemeka huenda kunatokana na dawa. Haloperidol, dawa mojawapo ya ugonjwa huo, huweza kuleta hali hiyo. Mwelezeni daktari, lakini mdogo wako asipunguze wala kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa sasa atumie brashi nene, na karatasi achane kwa vidole badala ya mkasi.

Sasa macho. Picha si kipimo cha maabara, na rangi nyeusi peke yake haithibitishi kwamba ugonjwa umerudi. Usimhoji maana yake. Mwambie, "Nionyeshe ulipoanzia," kisha nyamaza umsikilize. Uzuri wa kubandika, na ndiyo sababu naupenda kwa wagonjwa wangu, ni kwamba jicho linalomsumbua anaweza kulifunika kwa kitenge, kulihamishia pembeni, au kuliacha lilivyo. Uamuzi ni wake, na mtu aliyezoea kuamuliwa kila kitu anauhitaji sana.

Akisema macho yanamtazama kwelikweli, akikosa usingizi, au akitaja kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, andikeni tarehe nyuma ya kila picha, na akikubali, aende nazo kliniki. Asipokubali zibaki kwake, wala usiziweke WhatsApp.