Uliza Soka: Sijacheza ligi kuu, nitakua kocha kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni beki namba nne, nachezea timu ya mtaa hapa Kibaigwa na wikiendi nafundisha madogo wa shule. Jamaa kijiweni wananikatisha tamaa, wanasema kocha lazima awe amecheza ligi kuu, mtu wa mchangani atamfundisha nani. Mzee mmoja akanitetea akamtaja Mwingereza wa zamani, Herbert Chapman, kwamba alikua mchezaji wa kawaida tu alafu akaja kuwa kocha mkubwa. Ni kweli?
Beki, Kibaigwa

JIBU: Kweli kabisa mdogo wangu, na huyo mzee msalimie sana.

Chapman alizaliwa 1878 Kiveton Park karibu na Sheffield, baba mchimba makaa ya mawe, yeye akasomea uhandisi wa migodi na miaka mingi akawa anacheza huku ana kazi yake pembeni. Alikua fowadi, kazunguka timu kibao, Grimsby, Swindon, Sheffield United, Notts County, kote hadumu, na alipofika Tottenham 1905 watu walimjua zaidi kwa viatu vyake vya njano. Timu ya taifa hakuitwa hata siku moja.

1907 akapewa Northampton awe kocha mchezaji, timu inaburuza mkia Southern League, 1909 ikawa bingwa. Akaenda Leeds City, hiyo ikafutwa kwenye ligi 1919 kwa tuhuma za kuwalipa wachezaji kinyume na sheria wakati wa vita, na yeye akafungiwa, akakata rufaa akashinda. Huddersfield wakamchukua, akawapa kombe la FA 1922 na ubingwa mara mbili mfululizo, 1924 na 1925.

Sasa sikiliza hapa maana panakuhusu wewe namba nne. 1925 anaingia Arsenal, na mwaka huohuo sheria ya kuotea ikabadilishwa, zamani mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa wakatosha wawili. Timu zilikua na mabeki wawili tu, sentahafu anacheza katikati ya uwanja, kwahiyo mastraika wakawa wanapita tu na magoli yakawa mvua. Oktoba Arsenal wakapigwa 7-0 na Newcastle. Charlie Buchan, mchezaji wake, akasema sentahafu arudi nyuma asimame kati ya mabeki wawili, na fowadi mmoja ashuke kuziba kati. Kocha mwingine angenuna. Chapman akakubali, mechi iliyofuata wakaifunga West Ham 4-0, na kutoka hapo akaujenga ule mfumo wa WM, wachezaji wanajipanga uwanjani kama herufi W na M, ambao dunia nzima iliuiga. Beki wa kati unayecheza wewe leo Kibaigwa, sehemu kubwa ya kazi yako ilitengenezwa pale.

Mimi naona siri yake ndo hiyo, kuwasikiliza wachezaji wake. Alikua anawakalisha wachezaji kila wiki wanajadili mechi, kila mtu anatoa lake. Arsenal wakabeba FA 1930, ligi 1931 na 1933.

Na hakudharau mechi ndogo. Januari 1934 ana mafua, akaenda hivyohivyo kuangalia timu ya tatu ya Arsenal ikicheza, ikageuka nimonia, akafariki tarehe 6 akiwa na miaka 55. Msimu huo Arsenal wakachukua ubingwa tena, na 1935 tena.

Kwahiyo hoja ya kijiweni haina miguu. Ila Chapman alisoma mpira kwa bidii, na wewe usome. Ukija Dodoma mjini pita DOREFA, chama cha soka cha mkoa, uulizie kozi za awali za ukocha za TFF, shirikisho la soka la nchi, anza na cheti cha chini kabisa, na kazi yako usiiache kwanza. Hao madogo wa shule jumamosi hii wakalishe baada ya mechi uwaulize wao walionaje, na ukisikia la maana lifanyie kazi mazoezi yanayofuata.