Kutafuta elki Colorado: usiombe sehemu ya mtu, uliza hivi

Ndugu, umeuliza elki (paa wakubwa wa Amerika Kaskazini wanaowindwa kwa nyama) wako wapi msitu wa White River, huko Colorado, Marekani, na kama ni utovu wa adabu kumwomba mwindaji mwenzako akutajie sehemu yake ya kuwindia. Ndiyo, ni utovu wa adabu. Uliza badala yake wako mwinuko gani wiki hii, na kama barabara za juu zinapitika. Hapo wengi watakujibu.

Kutafuta kwenyewe kuanzie kwenye ramani. Weka alama miteremko inayotazama kaskazini, yenye miti minene na maji karibu: ndiko wanakolala mchana. Alfajiri na jioni hutoka kula kwenye nyasi. Wakishasumbuliwa na watu huhamia kwenye makorongo ambayo wengi huona uvivu kuyashuka, kwa hiyo achana na kingo za barabara. Ila pima nguvu zako: nyama ya dume mmoja ni mizigo minne au mitano ya mgongoni, na kukiwa na joto huanza kuharibika kwenye mifupa ya paja usipoichuna ngozi mapema.

Upepo ndio unaoharibia wengi, maana hupeleka harufu yako kwa elki. Asubuhi hewa baridi hushuka bondeni, kwa hiyo wakaribie kutoka chini. Jua likikolea hewa hupanda, nawe uwe juu yao.

Ukikuta gari limeegeshwa mwanzo wa njia, nenda pengine. Na ukionyeshwa sehemu, usimlete rafiki bila kumwuliza aliyekuonyesha, wala usibandike picha yenye kilele kinachotambulika. Watu hununiana miaka kwa hilo.