Usiisome rekodi ya tenisi kwa macho ya mpira

Niliwahi kulipa kahawa ya watu wanane pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Zanzibar, kwa sababu ya namba mbili: 24 kwa 16. Ndivyo walivyoachana kwa ushindi wacheza tenisi Nadal na Federer kila walipokutana, na mimi nikakata kauli kuwa Federer hakuwa na ubavu kwa Nadal. Mzee mmoja aliyeinamia bao akaniuliza bila kuinua uso, "Ngapi kati ya hizo zilichezwa kwenye udongo, mwanangu?" Sikujua. Kumbe ni 16, na Nadal kachukua 14. Ukizitoa, Federer anaongoza 14 kwa 10. Muuza kahawa akaanza kuhesabu vikombe.

Siku hizi sibishani kabla sijaangalia mechi zilichezwa wapi: udongo, nyasi au uwanja mgumu.

Sisi tuliokulia kwenye mpira wa ligi tunachanganywa pia na jambo jingine. Tenisi haina sare, na mashindano mengi ni ya mtoano: ukifungwa, unafunga begi. Wimbledon bingwa anashinda mechi 7, wa pili anarudi kwao na 6 kwa 1, na aliyetolewa siku ya kwanza naye ana kipigo kimoja tu. Kwa hiyo ukiona mtu kafungwa mara 20 kwa mwaka usimcheke. Huenda kacheza mashindano 20 na zaidi. Tazama alishinda mechi ngapi kabla ya kila kipigo.

Kujitoa nako kuna hesabu yake. Ukiumia katikati ya mechi ukaacha, umeshindwa. Ukijitoa kabla haijaanza, hakiandikwi kipigo. Nadal aliingia Roland Garros, mashindano ya udongo ya Paris, mara 19, akabeba kombe mara 14, lakini rekodi yake pale ni 112 kwa 4. Mara tano alizokosa kombe zina vipigo vinne tu; ya tano ni 2016: alijitoa kwa maumivu ya kifundo cha mkono kabla ya raundi ya tatu.

Mechi zangu mwenyewe naziandika kwenye daftari la dukani, nyuma ya kurasa za madeni. Mwaka jana nilimaliza 11 kwa 9, nikapita Darajani kifua mbele, mpaka nilipokaa kupitia majina. Ushindi 9 ni dhidi ya shemeji yangu, na yeye hucheza na makubadhi.