Wasomaji Wanauliza: Ninunue Ruta ya 5G au Nisubiri 6G?

Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni yenye vyumba saba hapa Shanty Town, Moshi. Wageni wangu wengi ni wapanda mlima, na wakishuka hunidai nywila ya intaneti hata kabla ya maji ya moto. Nimepewa bei ya ruta ya 5G, lakini kijana wangu ananizuia, anasema 6G imekaribia na nitakuwa nimetupa fedha. Nifuate ushauri wake? – Mama mwenye nyumba ya wageni, Moshi

Mama, usisubiri. Kizazi kimoja cha mtandao wa simu huchukua takribani miaka kumi kukomaa kabla ya kingine kushika nafasi yake. Huduma ya 4G ilianza kuuzwa Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009, toleo la kwanza la viwango vya 5G likakamilika 2018, Korea Kusini na Marekani zikafungua mitandao yao Aprili 2019, na hapa Tanzania huduma hiyo ikaanza kuuzwa Septemba 2022. Kuhusu 6G, lililofanyika hadi sasa ni kwamba Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikubaliana mwaka 2023 juu ya mwelekeo wa jumla wa teknolojia hiyo na kuipa jina la IMT-2030, jina ambalo lenyewe limebeba mwaka unaolengwa. Hata ikianza huko duniani kwa wakati huo, bado itapaswa kupata masafa (mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano), minara na simu za bei ambayo mtu wa Moshi anaimudu, na kwa makadirio yangu ruta utakayonunua leo itakuwa imekwisha kuchakaa kabla ya hapo.

Ninalotaka ulihoji zaidi ni kama 5G yenyewe inaingia ndani ya nyumba yako. Azima simu ya 5G yenye laini ya kampuni unayoifikiria, simama kwenye dirisha linalotazama mnara, upime kasi saa nane mchana, kisha urudie saa tatu usiku wageni na majirani wote wakiwa mtandaoni. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote waliounganishwa nao, kwa hiyo kipimo cha usiku ndicho cha kukiamini. Ukiridhika, iweke ruta palepale dirishani. Nimeona nyumba ambamo ruta imefungiwa kabatini pamoja na sahani ili isichafuke, na vyumba vya nyuma vikawa havipati kitu.

Ukikutana na tangazo la 5G linaloahidi gigabiti 20 kwa sekunde, lisikubabaishe. Hicho ni kilele ambacho ITU ilikiwekea teknolojia ya 5G katika mazingira bora kabisa. Lengo lililowekwa kwa mtumiaji wa kawaida ni megabiti 100 kwa sekunde, na kwa vyumba saba kasi hiyo ikipatikana kweli inatosha na kubaki.

Ahadi ya 5G ya ucheleweshaji (muda ambao data hukawia njiani) wa milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo inahitaji ufafanuzi, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kutueleza habari za upasuaji wa mbali na magari yasiyo na dereva. Milisekunde hiyo inahusu kipande cha hewani tu, yaani kati ya kifaa chako na mnara. Baada ya mnara data huingia kwenye mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na ndani ya mkongo mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Mgeni wako akifungua picha zilizohifadhiwa kwenye kompyuta iliyo umbali wa kilomita 8,000 za mkongo, kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 80, na hakuna mnara wa kizazi chochote utakaoupunguza umbali huo. Tulilishuhudia jambo hili Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika: minara yetu ilikuwa imesimama mizima, lakini intaneti ilidorora nchi nzima. Kwa hiyo anayetaka kujua mustakabali wa mtandao wa Arusha na Moshi asiishie kuhesabu vizazi. Aulize pia mkongo wa nchi kavu umefika minara mingapi, na ni huduma ngapi tunazotumia kila siku zimehifadhiwa hapahapa nchini.

Mwanangu Mhariri, kihamba changu kiko bondeni Marangu. Nikiwa juu kanisani simu inashika vizuri, nikiteremka nyumbani mtandao unapotea, hata kumpigia daktari ni lazima nipande kilima. Wajukuu wanasema 5G ikifika shida hii imekwisha. Ni kweli? – Mzee mstaafu, Marangu

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wana haki ya kutumaini, lakini jibu linategemea zaidi masafa yatakayotumika kuliko jina la kizazi.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyapiga mnada masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, yaani pungufu kidogo ya dhiraa; la 3500 halifiki sentimita tisa, sawa na upana wa kiganja chako. Wimbi refu hupinda ukingo wa kilima na kuteremka kiasi bondeni, hupenya migomba na miti vizuri zaidi, na hufika mbali. Wimbi fupi hubeba data nyingi kwa sababu masafa ya juu yana nafasi pana, lakini hukwama kwenye majani, hasa yakiwa yamelowa mvua, na Marangu majani yamelowa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana 5G ya kasi kubwa huonekana kwanza katikati ya miji, ambako minara imekaribiana na watu ni wengi. Watafiti wa 6G wanayachunguza hata masafa ya gigahezi 100 na kuendelea, ambako wimbi halizidi milimita tatu, sawa na punje ya mtama. Wimbi la namna hiyo halitateremka korongoni kwako hata kidogo.

Tegemeo lako, mzee wangu, ni hizo 700. Bila shaka unakumbuka mwaka 2013 televisheni za analojia zilipozimwa Arusha na Moshi tukalazimika kununua ving'amuzi. Uzimaji ule ndio uliosaidia kuyaacha wazi masafa ya chini ili yatumiwe na simu. Wajukuu wakikununulia simu ya 5G, waangalie kwenye maelezo yake kama imeandikwa n28, ambayo ndiyo alama ya megahezi 700. Yenye n78 peke yake inategemea 3500.

Simu peke yake haitoshi pasipo mnara. Tangu 2022 intaneti ya kasi imefikishwa Horombo, kambi ya wapandaji wa Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ileile inayoanzia Marangu. Ni jambo jema kwa usalama wa wapagazi na wageni, lakini linaniuma kwamba aliyeko Horombo anaweza kupiga simu huku wewe ukikongoja kupanda kilima kumtafuta daktari. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya minara 758 vijijini, kwa hiyo utaratibu wa kupeleka mnara mahali ambapo kampuni hazioni faida upo. Pelekeni hoja yenu kwenye serikali ya kijiji na kwa diwani, mkitaja vitongoji visivyoshika, idadi ya kaya, na umbali wa kutoka bondeni hadi mahali mtandao unapopatikana.

Nauza mboga Soko Kuu, Arusha, na fedha zangu zote zinapita kwenye kitochi. Hivi vizazi vipya vikija, kitazimwa? – Mchuuzi, Arusha

Si leo wala kesho, dada yangu. Kampuni kubwa za Marekani zilizima 3G mwaka 2022 ili masafa yake yatumiwe na mitandao mipya, na ipo siku nasi tutafikia hatua hiyo. Lakini menyu unayoifungua kwa nyota 150 hupita vizuri kabisa kwenye 2G, na wanaoitegemea kama wewe ni wengi mno kiasi kwamba kampuni itakayoizima mapema itajikatia mapato yake yenyewe. Kitochi chako kikichoka, tafuta chenye 4G, na kabla ya kulipa piga nacho simu ukiangalia alama iliyo juu ya kioo: ikishuka kutoka 4G kwenda 2G kila unapopiga, ujue 4G yake ni ya intaneti tu, na siku 2G itakapozimwa hakitapiga simu.